Nguruwe pori shambani kwetu Pangani

Leo alfajiri niliamkia shamba letu la mihogo huku Pangani, nikakuta matuta mawili yamefumuliwa kana kwamba yamelimwa kwa jembe butu, na mihogo iliyotafunwa nusu imetupwa ovyo. Niliwashuku ngiri, lakini mjomba, ambaye ujanani aliwahi kuwinda kwa kibali, alinikatalia: ngiri hutafuta chakula mchana na hupiga magoti anapochimba, ilhali uharibifu huu ulifanyika usiku, na usiku ni wakati wa nguruwe pori.

Tulifuata nyayo hadi bondeni kwenye matope, ambako alama ilisomeka vizuri: kwato mbili za mbele zenye ncha butu, na nyuma yake vishimo viwili vidogo vya kwato za juu, ambavyo kwenye ardhi kavu mara nyingi havionekani. Maji yaliyojaa ndani ya unyayo mmoja yalikuwa bado yametibuka tope, yaani mnyama alipita muda si mrefu, na hapo mjomba akanishika bega ninyamaze. Hatua chache mbele palikuwa na dimbwi la kugaagaa, na mti wa jirani ulikuwa umepakwa matope mabichi hadi juu kidogo ya goti langu, yakiwa yamenasa nywele ngumu.

Kuliko alama hizo zote, mjomba huthamini zaidi vichochoro vya nguruwe pori vichakani, kwa kuwa huvirudia. Hatukwenda mbali zaidi (mimi, nakiri, nilikuwa na hofu). Kesho tutamwona ofisa wanyamapori wa wilaya, kwa sababu kumwinda nguruwe pori kunahitaji kibali.