Jina la Mama Salfa nililipata motoni

Juzi kijana wa wilaya ya jirani alinipigia simu. Kwao wanataka kuanzisha kikundi cha kujitolea kuzima moto, kaelekezwa kwangu. Swali lake la kwanza: "Mama, pampu ya maji mlinunua shilingi ngapi?" Nikacheka mpaka akadhani simu imekatika. Mdogo wangu, hatuna pampu. Tungekuwa na pampu tungeiunganisha na nini?

Sisi tuko juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Anayepajua hahitaji kusimuliwa habari ya maji. Ardhi ni mchanga, mvua inanyesha na kuzama hapo hapo, na chemchemi ziko huko bondeni ambako bibi zetu walikuwa wakishuka na mitungi usiku. Siku hizi bomba lipo, likitoka tunashukuru. Mwenye uwezo anachimba kisima cha saruji nyumbani, anakinga maji ya bati, na maji hayo ya masika ndiyo yanamvusha mpaka Desemba. Moto nao una msimu wake, Agosti hadi Oktoba, wakati ukitupa ndoo kisimani unasikia mwangwi.

Na moto wenyewe tunauwasha sisi. Korosho zikikaribia kudondoka watu wanapalilia chini ya mikorosho, wanakokota majani, wanachoma marundo. Vijana nao wanachoma vichaka kuwinda panya. Upepo ukibadili mawazo, shamba la jirani limekwenda, na ada za watoto wake zimekwenda nalo.

Tulipoanza kikundi tulikuwa kama kumi na tano, mimi katibu kwa sababu ndiye mwenye daftari. Tukapelekwa semina. Mtaalamu mmoja, suruali imenyooka pasi, akatufundisha tununue mitungi ya kuzimia moto, mpira wa mita 50, na kama hatuna hela basi tupange mstari tupokezane ndoo. Mitungi tukaisahau pale pale. Ndoo tukaziamini.

Wiki haikupita, jiko la makuti la jirani likashika moto. Kisima cha karibu kilikuwa cha mjomba wangu, kaka yake mama. Nikasimama juu ya mfuniko kama refa, "Leta! Peleka!", watu thelathini wamejipanga, ndoo zinapita. Kila ndoo iliondoka imejaa, ikafika robo. Iliyobaki tumemwagiliana miguuni. Jiko liliungua lote, hata kinu hakikupona. Nyumba kubwa ilisalimika kwa sababu ya bati, si kwa sababu yetu. Asubuhi mjomba akashusha ndoo, kamba ikaisha, ndoo ikakwaruza saruji. Akanitazama: "Mpwa wangu, jiko lililoungua la mwingine, kisima kilichokauka changu."

Ilikuwa Septemba. Tukamnunulia maji ya madumu kwa bodaboda, dumu mara mia saba, mara elfu na mia tano, ilitegemea dereva kaamkaje. Hesabu niliacha kuandika, niliona aibu.

Sasa, mimi nakodisha mashine ya kupulizia salfa, ile ya kubeba mgongoni yenye injini. Kwa wasioijua: mikorosho inapata ugonjwa wa ubwiri unga ikianza kuchanua, tunaipulizia unga wa salfa. Siku moja nikawaza, mashine hii ina tangi, nikijaza maji nikapulizia moto? Wazo zuri. Haikupita muda yowe likapigwa, moto uko kwenye majani nyuma ya shule. Nikajitwika mashine, nikamwambia mwanangu mwaga maji ndani, akasema, "Mama, tayari ina kitu." Nikadhani ni maji. Nikavuta kamba, injini ikanguruma, nikaelekeza mrija motoni kwa madaha, maana mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anatazama.

Ilikuwa salfa ya jana.

Wazee neno kiberiti wanalitumia kwa vyote viwili, njiti na salfa, na siku hiyo nilijua kwa nini. Moto ukageuka bluu, mzuri kabisa, kisha ukaja moshi ambao sijui niuelezeje: kama kuvuta pumzi ndani ya pilipili. Macho yakafunga. Wazimaji wote wakakimbia, mwenyekiti mbele, kofia nyuma. Moto ukabaki peke yake unajifanyia kazi zake. Mimi nilipapasa mpaka kwenye mpapai nikaukumbatia, nakohoa, mashine mgongoni bado inanguruma. Niliyemwona kwanza nilipofumbua jicho ni mwanangu, ananyoosha kidole kwenye majani yaliyokuwa pembeni yangu. Hayapo. Nilipokuwa nayumba na ule mrija, upepo wake ulikuwa umeyafagia, mchanga uko wazi, na moto umefika hapo umekosa cha kula.

Jina la Mama Salfa nilipewa jioni hiyo hiyo. Lakini na ufumbuzi tuliupata jioni hiyo hiyo.

Maji tukaachana nayo. Tangi tunalikung'uta na kuliosha mpaka halinuki, halafu halitiwi chochote. Tunachotaka ni upepo. Wenye mashine wawili wanatangulia mbali mbele ya moto, wanapeperusha majani makavu kuyarudisha upande ule moto unakotokea. Usiuelekezee moto mrija hata siku moja, utaupa nguvu. Nyuma yao majembe, yanakwangua mchanga hatua nne tano kwa upana. Nyuma yao wenye matawi mabichi, wanapiga cheche zinazoruka. Petroli na oili changanyeni nyumbani, na ukijaza jaza mbali, injini imezimwa. Mimi nyusi ya kushoto haijaota vizuri mpaka leo. Na akina mama, kanga ya pamba. Madera ya kuteleza yanayeyukia mwilini.

Oktoba ya mwaka jana ulikuja mkubwa, saa tisa alasiri, upepo umechachamaa. Tulipiga 114, ni bure na watu wa Zimamoto wanapokea, ila shamba lenyewe liko ndani kwenye njia ya bodaboda, na gari lao si bodaboda. Tulikwangua toka njia ya kisimani mpaka shamba pori, hatua kama mia tatu. Moto ulikuja unapasuapasua, ukafika mchangani, ukasimama. Ukajaribu kulia, ukajaribu kushoto, ukalala. Tulipoteza mikorosho sita. Maji yaliyotumika ni dumu moja, na yalinywewa.

Tulichokosea ni kwenda kulala. Mkorosho ukishika moto shinani unaweza kufuka chini kwa chini siku kadhaa; kesho yake kisiki kimoja kiliamka, tukaanza upya. Siku hizi tunafukia kila kisiki kwa mchanga na mtu analala hapo.

Hela? Kila nyumba ilitoa elfu mbili, nyingine bakuli la korosho (tusiliite kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa bakuli, tutafungwa). Zinakwenda kwenye petroli, plagi za injini na filimbi.

Daftari langu sasa lina kazi nyingine. Anayetaka kuchoma marundo anajiandikisha kwangu, anachoma baada ya saa kumi na moja jioni upepo ukitulia, na jirani yake anajua. Asiyejiandikisha faini yake ni madumu mawili ya maji, anayapeleka mwenyewe kisimani kwa mjomba. Wamekuwa wabishi wengi, Mungu awabariki, deni la kisima chake limeisha kabla ya mvua. Mjomba siku hizi akiona moshi hapigi yowe kwanza. Anatoka na fimbo yake mpaka uani kwangu: "Huyu kaandikisha?"