Charles hakumaliza kusema

Nimemaliza filamu sasa hivi na usingizi wote umeruka.

Ni Le Diable probablement ya Mfaransa Robert Bresson, ya mwaka 1977. Charles ni kijana wa Paris, ana akili, ana marafiki wanaompenda. Siasa, kanisa, mapenzi, daktari wa akili: hakuna kinachomshika. Vuguvugu la Mei 1968, yale maandamano makubwa ya wanafunzi na wafanyakazi Ufaransa, limeshapoa. Anachokiona yeye ni bahari zilizochafuliwa na miti inayoangushwa.

Mwisho tunaujua tangu mwanzo, magazeti yanautangaza. Hata hivyo sikuwa tayari.

Usiku, makaburi ya Père-Lachaise. Charles amemlipa rafiki yake amfyatulie risasi. Anatangulia mbele, anasema alidhani katika saa nzito kama hii angejiwa na mawazo makubwa.

Anaanza kusema jambo jingine...

Risasi.

Sentensi imekatwa katikati! Rafiki anachukua pesa, anakimbia. Hakuna anayelia.

Ile sentensi imenikaa kooni. Mimi nahisi alitaka kuulizwa swali moja tu, na yule mwenzake hakumsubiri.

Ndugu zangu mlioiona, mnadhani Charles alitaka kusema nini? Niandikieni hapa, bado niko macho.