Samaki wa Katoni Gulioni Kwetu

Niliondoka Pangani mwaka 2006 kwenda Maskati, na kwa miaka 18 kila watoto wangu waliponiuliza kwetu kukoje, niliwasimulia gulio la Jumamosi la kijiji cha mama yangu, kusini mwa mto Pangani, ambako samaki walipangwa mafungu juu ya makuti wangali wakipiga mikia. Wiki iliyopita nimekwenda gulioni huko kwa mara ya kwanza tangu nirejee, nami nimenunua samaki waliotolewa ndani ya katoni.

Safari yenyewe haina mengi. Nilivuka kwa kivuko hadi Bweni asubuhi na mapema, nikalitazama daraja jipya lililokuwa likijengwa, kisha nikapanda bodaboda katika njia tuliyokuwa tukiikata kwa miguu. Gulio limepanuka mno. Kuna mitumba, vitenge, mabeseni, kabichi na karoti zilizoteremshwa kutoka Lushoto, na machungwa ya Muheza ambayo utamu wake haujapungua hata kidogo. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, sikuiona, kwa hiyo nilinunua kikapu cha ukili, na hilo lilinifurahisha.

Furaha hiyo ilikoma nilipofika upande wa samaki. Palikuwa na meza tatu tu. Juu ya meza ya kwanza walilala vibua wagumu kama vigogo, barafu ikiwatiririka, na chini yake palikuwa na katoni yenye maandishi ya kigeni. Nyuma ya meza hiyo, hatua hamsini hivi, ilikuwa bahari, ile ile tuliyoogelea tukingoja vyombo virudi. Nilisimama pale kwa muda mrefu, nikimtazama kibua aliyevuka bahari za watu akiwa ameganda ili aje auzwe mbele ya bahari yetu, na nikiri kwamba nilihisi uchungu ambao sikuutarajia.

Muuzaji alikuwa mama wa rika la mama yangu. Nilimwamkia, akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” nikamuuliza samaki wa hapa wako wapi. Hakuona ajabu katika swali langu. Alisema, “Mwezi umejaa, vyombo vya dagaa haviendi. Na hao wachache wanaovuliwa kwa mshipi wana mwenyewe tangu wakiwa majini.”

Sehemu ya kwanza ya jibu lake niliijua tangu utotoni, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi ikitanda taa hizo hazina kazi. Zamani zilikuwa karabai. Sasa ni taa za betri na za umeme wa jua. Sehemu ya pili ndiyo iliyonielemea. Mvuvi asiye na fedha ya mafuta ya injini na barafu hukopeshwa na tajiri, na deni hilo hulipwa kwa samaki, kwa bei ambayo tajiri ana sauti kubwa katika kuipanga. Hivyo changu na kolekole hupimwa kwenye mizani pale pale dikoni, vyombo vinapoteremshia samaki, wakawekwa kwenye masanduku ya barafu na kuondoka kabla mama mwenye kikapu hajauliza bei. Hata dagaa wa siku za giza huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juu ya chanja, hutiwa magunia, na wengi wao huishia Kongo. Niliyaona magunia hayo yakingoja lori. Simwonei kijicho Mkongomani kwa kitoweo chake, na vijana wa kwetu wanapata kazi. Lakini inaniuma kwamba kijiji kinachovua kimefika mahali pa kula masalio ya biashara yake chenyewe.

Kwa hiyo wewe uliye ughaibuni unayepanga kurudi na kuwapeleka wanao kuliona gulio la bahari, usiwaahidi nilichowaahidi mimi. Ikiwa ni lazima wawaone dagaa wabichi, itafute Jumamosi iliyo kati ya tarehe 22 ya mwezi mwandamo na tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na uende kwanza dikoni alfajiri, kwani ukianzia gulioni utakuta biashara imekwisha. Ukimkuta mvuvi asiyedaiwa, nunua kwake, tena usimkandamize bei.

Nilichukua fungu moja la vibua. Nilipokwisha kulipa, yule mama aliniongezea kibua mmoja bila mimi kuomba, akasema, “Nyongeza yako.” Mkono ulikuwa ule ule wa zamani, ukitoa kitu kisicho cha kwetu, na nilishindwa kumjibu zaidi ya kushukuru.

Jioni mama alikifunua kikapu, akamgeuza kibua mmoja, akambonyeza kwa kidole, akatambua mara moja. Hakulalamika. Alianza kukuna nazi, kisha akaniuliza kama huko Maskati watu hawautazami mwezi kabla ya kwenda sokoni.