Asumini zangu zilivyovuka kaskazi bila maji ya tangi

Nyumba yetu iko Langoni, Lamu, na tunakaa familia tatu kwa tangi moja. Kaskazi, upepo wa kiangazi, ikikaza, maji ya mfereji huja kwa mgao, tena usiku wa manane, kwa hiyo mwenye nyumba hubandika karatasi kando ya bomba la chini: mpira marufuku, ua unafagiliwa haupigwi deki, kumwagilia mimea kwa maji ya tangi marufuku. Mwaka jana aliongeza kwa kalamu nyekundu: hata kwa kopo.

Hilo la kopo lilinihusu mimi. Madebe yote ya asumini yaliyoko juu darini, kwenye paa tambarare, ni yangu, pamoja na mirehani na mkilua mmoja, na si ya kupamba macho tu. Nauza vikuba, vile vishada vya maua na majani ya kunukia wanavyovaa wanawake. Watu huku hupenda kuharakisha harusi kabla ya Ramadhani, na miaka hii Shaabani inaangukia ndani ya kiangazi. Ndipo oda zinapokuja, na ndipo maji yanapokatika.

Sikubishana naye, maana najua maji yenyewe yanatoka wapi. Maji matamu ya mji huu yanavutwa kutoka visima vya kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha, inazama mchangani, halafu inakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukivuta kwa pupa wakati mvua hakuna, chumvi inapanda. Kisima cha uani kwetu kimeshapandwa na chumvi zamani, tunakifulia tu. Asumini ukiinywesha maji yale wiki chache, kingo za majani zinaungua, na matumba yanadondoka kabla hayajachanua.

Basi nikaanza na udhu. Nyumbani tunasali vipindi vitano, na vijana wangu walikuwa wakifungua bomba mpaka mwisho, wakatawadha huku wanazungumza mpira wa Uingereza. Niliweka karai chini ya bomba nikanyamaza. Udhu wa mtu mmoja tu ulilijaza kupita nusu. Nikawatolea hadithi ya Anas, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja (mudi nne) hadi mudi tano. Mudi ni kama kibaba. Bibi yao bado anapimia mchele kwa kibaba, kwa hiyo nilikileta, nikakijaza maji, nikamwambia mkubwa: "Haya baba, tawadha tuone." Alitawadha, na maji yakabaki kidogo. Tangu hapo bomba la juu limefungwa na tunatumia ndoo na kata, na karai liko palepale chini.

Mama mkwe wangu hakuridhika upesi. "Mwanangu, maji hayo si yamekwisha tumika?" Tukamuuliza mwalimu wa madrasa. Akasema katika madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyotawadhiwa ni tohara, ila hayatoharishi tena, yaani ni safi lakini hayafai kutawadhia. Kwa mrehani hiyo inatosha kabisa.

Karai la udhu likiongezwa maji ya kuoshea mchele na kunde yalilisha karibu madebe yote. Maji ya kufulia siyapeleki juu, kwa sababu ya sabuni ya unga na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Ya samaki pia hapana, si kwa ubaya wa maji, ila paka wa Lamu wanajulikana.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni magudulia. Nilikuwa na matatu yaliyovunjika shingo, yale ya udongo usiopakwa rangi. Nililifukia kila moja katikati ya debe kubwa, mdomo ukabaki nje kidogo, nikalijaza na kulifunika kwa kifuu ili mbu wasiingie. Udongo wa gudulia unatoka jasho polepole na mizizi inalifuata. Juu ya mchanga nikatandika makumbi ya nazi. Asubuhi ukiingiza kidole chini ya makumbi unakuta unyevu, na huku dari lenyewe linachoma nyayo. Kwenye madebe madogo yasiyo na gudulia namwagilia baada ya alasiri, nikishachuma matumba. Asumini huchumwa bado imefumba, ikafumbuka jioni ikiwa imeshaingia kwenye kikuba. Kumwagilia saa sita mchana mimi naona ni kulipa jua ushuru.

Kuhusu tangi, nina maneno. Tunahimizana kufunga bomba wakati wa kupiga mswaki, ilhali ukuta wa nyuma, upande wa kichochoro, ulikuwa na ukoga wa kijani juu ya chokaa katikati ya kiangazi. Kijani kile kinanywa nini? Boya la kufungia maji tangini lilikuwa limechoka, halifungi, na kila usiku maji yakija tangi linajaa na kumwagika kimya kimya. Mwenye nyumba alileta fundi, boya likabadilishwa kwa pesa zisizofika bei ya kikuba cha bibi harusi. Nadhani huko ndiko kulikokuwa kukienda maji mengi kuliko madebe yangu yote.

Masika ilipoingia nikaweka pipa chini ya bati la jikoni. Hesabu yake ni nyepesi: mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye bati la mita 20 za mraba inakupa lita 200, yaani pipa zima, ukiondoa kinachoruka na kinachovuja. Mvua ya kwanza naiacha ipite, ioshe vumbi na mavi ya kunguru. Mwanangu wa mwisho anataka tutie visamaki mle vya kula viluwiluwi vya mbu, kama vilivyokuwa kwenye birika la bafuni kwa bibi yake. Birika lile lilikuwa la mawe, tena kivulini. Pipa la plastiki juani litawachemsha, nimemwambia, kwa hiyo tumelifunga chandarua kikuukuu kwa kamba.