Watu 7 wa Kyoto na kikombe cha baba mukubwa

Siku ya mungu kiisha misa nilipita Kadutu kusalimia baba mukubwa, kaka mukubwa wa papa, mwenye ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo wenye unatetemesha mwili. Nilimukuta amekaa mbele ya mulango na chai yake kwenye kikombe cha plastiki, ju vya glasi mama mukubwa alishavificha, na siku hizi anajaza nusu tu. Mukono wa kuume ulikuwa juu ya goti, umepumzika, na ndio unatetemeka hapo, kidole gumba na cha shahada vinasuguana kama mutu anahesabu noti za franka. Akiunyoosha kuchukua kikombe unatulia kidogo. Karibu na mudomo ukaanza tena na chai ikaenda kwa shati. Hakusema kitu juu ya shati. Alinitazama akaniuliza: "Mama, wale Wajapani wako, ni kweli wameshapata dawa?"

Anasema "Wajapani wako" ju kwenye gulupu ya WhatsApp ya familia mi ndiye natumaga zile habari. Mi ni enfirmiye, muuguzi, kwa kituo cha afya hapa Bukavu, huu mwaka wa 11, na usiku nikiwa gardi na hakuna mugonjwa muzito nasomaga kwenye telefone utafiti wa mahopitali ya inje. Ya Japani naipenda zaidi, ju wanaandika hata wakiwa na wagonjwa wane tu, na wanasema kati ya wale wane nani hakupona.

Sasa ile wiki kwenye gulupu kulipita odyo ya mutu hatumujui, anasema Japani wameponya Parkinson, mugonjwa analazwa jioni, kesho yake anaamuka hatetemeki. Familia yote ikapiga makofi. Naomba nieleze yenye ilifanyika kweli, ju ni kitu kikubwa na hakihitaji kuongezewa chumvi.

Kwenye Parkinson, ndani ya ubongo kuna seli zenye zinatengeneza dopamini, na bila dopamini mwili unajua kutembea lakini unachelewa kupata amri. Zile seli zinakufa polepole, miaka na miaka, na siku mukono unaanza kutetemeka nyingi zimeshaenda. Dawa yenye tuko nayo, levodopa, ubongo unaigeuza kuwa dopamini, na inasaidia sana, lakini haifufui seli hata moja, na kiisha miaka kazaa nguvu yake inaanza kuisha mbele ya saa ya kidonge kingine kufika. Baba mukubwa anaijua ile saa bila kuangalia saa. Miguu inamwambia.

Mwaka wa 2006 kule Kyoto, Shinya Yamanaka alichukua seli ya kawaida ya panya, akaingiza jeni 4, na ile seli ikarudi nyuma ikawa kama seli ya mimba changa, yenye inaweza bado kuwa nyama ya moyo, jicho, ubongo, kitu chochote. Mwaka wa 2007 ikawezekana na seli za mutu, 2012 akapewa Nobel. Ndizo wanaita seli za iPS. Kuanzia 2018 dokta Jun Takahashi na wenzake, kwenye hopitali ya Chuo Kikuu cha Kyoto, walichukua seli za iPS zenye zilitoka kwa mutu mwenye afya, wakazilea mpaka zikaelekea kuwa seli za dopamini, kiisha wakazipandikiza ndani ya ubongo wa wagonjwa, upande wa kuume na wa kushoto.

Wagonjwa wangapi? 7.

Walikuwa watu wa miaka 50 mpaka 69, wakafuatiliwa miezi 24, na matokeo yakatoka mwezi wa 4 mwaka wa 2025 kwenye jarida la Nature. Hakuna mwenye alipata madhara makubwa. Seli hazikukua kupita kiasi, na hapo ndipo woga wote ulikuwa, ju seli yenye inaweza kuwa chochote inaweza pia kuwa uvimbe. Kwa 6 wenye walipimwa kama inasaidia, 4 walisogea vizuri zaidi hata wakiwa hawajameza vidonge vyao. Picha za ubongo zilionyesha dopamini imeongezeka pale seli zilipandwa.

Mi niliposoma ile usiku nilisimama kabisa kwa kiti. Lakini tuhesabu pamoja. Ni 4 kwa 6, na wawili haikuwasaidia vile. Tena hakukuwa na kikundi kingine cha kulinganisha, kila mutu alijua amepandikizwa, na Parkinson ni kati ya magonjwa yenye tumaini peke yake linaweza kutuliza mwili kwa muda, hiyo imeshapimwa mara mingi. Wajapani wenyewe hawakusema "tumeponya". Walisema hatua ya kwanza ilikuwa kuangalia kama haiui, na haikuua.

Naandika hivi kwa hasira kidogo, ju kaka yangu, mutoto wa baba mukubwa, alishauziwa poda. Sashe 30 kwa dola 60, mutu akamwambia ni "seli shina za Japani", yaani zile zenye zinaweza kuwa kitu chochote, unachanganya na maji ya vuguvugu, unakunywa. Nilishika ile sashe, nikasoma nyuma na tochi ya telefone ju maandishi ni madogo kama mayai ya chawa: dondoo ya tufaha, kolajeni, sukari, ladha. Hakuna seli hapo ndani. Hata ingekuwepo, tumbo lingeisaga kama linavyosaga sombe. Kule Kyoto kupeleka seli kwenye ubongo ni kutoboa fuvu na kupitisha sindano na kompyuta inaongoza, na wagonjwa walimeza dawa za kushusha kinga ya mwili zaidi ya mwaka ili seli za mutu mugeni zisifukuzwe. Na zile dola 60 zilikuwa pesa za levodopa, yenye hapa muji wiki moja inapatikana, wiki mbili farmasi zote zinakuambia urudi siku ya tano.

Kuna zingine za hizi seli, nipite haraka. Osaka, timu ya dokta Kohji Nishida iliweka utando wa seli za iPS juu ya jicho la watu 4 wenye kioo cha mbele ya jicho kilikuwa kimefunikwa na kovu. 3 waliona vizuri zaidi kwa muda wa zaidi ya mwaka, wa 4 faida yake haikudumu. Tokyo, chuo cha Keio, watu 4 wenye uti wa mugongo ulikuwa umeumia, seli milioni 2 kwa kila mumoja, wiki mbili mpaka nne kiisha ajali. Mumoja alifika kusimama mwenyewe na kuanza mazoezi ya kutembea, mwingine akasogeza mikono na miguu kidogo, wawili hawakubadilika sana. Dokta Katsu Takahashi wa Osaka naye, yeye si hizi seli, ni meno, anatafuta dawa ya kuotesha jino lenye halikuota, na 2024 wakaanza kuijaribu kwa wanaume 30 kuangalia kwanza kama haina sumu. Wamama kwa kituo wakisikia hiyo ya meno wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mi nawaambia musicheke, muandike tarehe.

Lakini utafiti wa Japani wenye nautumia kila wiki kwa kazi yangu hauna seli wala roboti. Ni wa tumbo.

Muji wa Kure, karibu na Hiroshima, dokta Naomi Uemura na wenzake walifuatilia watu 1,526 kwa miaka karibu 8, wote waliangaliwa ndani ya tumbo na ile kamba yenye kamera, zaidi ya mara moja. 1,246 walikuwa na kijidudu Helicobacter pylori, 280 hawakuwa nacho. Kansa ya tumbo ikatoka kwa 36. Wote 36 walikuwa kwa wale wenye kijidudu. Kwa wale 280, sufuri. Hiyo ilitoka 2001. Kiisha 2008 ikatoka ingine, mahopitali 51 ya Japani pamoja, wagonjwa 544 wenye walikuwa wameshatolewa kansa changa ya tumbo kwa kamera: nusu walipewa dawa ya kuua kijidudu, nusu hawakupewa. Miaka 3 mbele, kansa mupya ilitokea kwa 9 kwa wale wenye dawa, na 24 kwa wengine. Unaona hapa sasa kuna kikundi cha kulinganisha. Na hawakuficha kwamba hata kwa wenye dawa ilitokea kwa watu 9. Mwaka wa 2013 bima ya afya ya Japani ikaanza kulipia ile dawa hata kwa mutu mwenye tumbo limevimba tu ndani, hana kidonda.

Na ile dawa ni gani? Lansoprazole, amoxicillin, clarithromycin, asubui na jioni, wiki nzima. Sasa mtu wa Bukavu asiniambie hajazisikia. Zinauzwa Nyawera, zinauzwa Essence, amoxicillin hata pembeni ya fungu za nyanya. Taabu yetu ni namna ya kumeza: mutu tumbo linamuunguza miaka, anaita "gastrite yangu" kama mutu wa nyumbani, ananunua vidonge vine, moto unapungua, anaacha, mwezi mbele anarudia vine tena. Kijidudu kinabaki na kinajifunza dawa. Nilishakuwa na mama mumoja wa Bagira, nilimuandikia wiki nzima kwa karatasi na nikachora jua na mwezi kwa kila siku, akarudi siku ya 8 ananionyesha vifuko vitupu kama mutoto anaonyesha daftari. Siku hiyo nilifurahi kuliko usiku wa zile seli za Kyoto.

Msidhani Japani ni malaika. Kulikuwa na utafiti juu ya dawa ya presha, valsartan, kwenye vyuo vikuu kadhaa, Kyoto na Tokyo kati yao, wakaandika inalinda moyo kuliko dawa zingine. Ikakuja kugundulika hesabu zimechezewa, na mwaka wa 2013 majarida yakaziondoa zile makala. Ilikuwa aibu ya nchi nzima, na kutoka hapo wakatunga sheria ya utafiti kwa wagonjwa, ikaanza mwezi wa 4 mwaka wa 2018. Mi nawaheshimu kwa ile sheria.

Na ivermektini je? Hii watu wetu wa vijijini kando ya mito wanaijua, dawa ya upofu wa mito, inagawiwa bure. Mwanasayansi Satoshi Ōmura aliipata mwanzo wake kwenye udongo wa Ito, Japani, akapewa Nobel 2015. Wakati wa korona watu walisema inaponya korona, hapa pia watu waliitafuta. Kampuni ya Japani, Kowa, ikaijaribu kwa wagonjwa 1,030, na mwezi wa 9 mwaka wa 2022 ikatangaza: haina tofauti na kidonge kitupu, wote walianza kupata nafuu kama siku ya 4. Ni dawa ya kwao, utukufu wa kwao, na wakasema hapana, kwa korona haifanyi kazi.

Kitu ya mwisho yenye inatugusa siye hapa kabisa ni mpox, ugonjwa wa vidonda, ndugu ya ndui. Hii aina mupya ilitoka Kamituga, si mbali, 2023, na niliona watoto wenye hawawezi kumeza maziwa ju vidonda viko mpaka kwa koo. Chanjo ya Japani, LC16m8, inatengenezwa Kumamoto, na siri yake ni ya zamani: virusi vya chanjo ya ndui walivilea kwa baridi kidogo mpaka vikapoteza ukali, ikaidhinishwa 1975, na watoto kama 50,000 wa Japani waliipata miaka ile bila matatizo makubwa. Ndio maana inaweza kupewa watoto. 2024 Japani ikaahidi Kongo dozi milioni 3. Inapigwa mara moja, na sindano yenye ncha mbili, inachomachoma ngozi ya juu tu. Yaani watoto wale wa miaka ya 1970, leo watu wazima wa miaka 50 na kitu, mikono yao ndiyo ilitufungulia njia.

Na siye pia tulifungulia wengine. 2018 na 2019, hapa mashariki ya Kongo, Beni, Butembo, Mangina, wagonjwa 681 wa Ebola waliingia kwenye utafiti wa dawa 4, kura ndiyo inachagua nani anapata gani. Mbili zilishinda, kwa zile kama mutu 1 kwa 3 alikufa, kwa zingine karibu nusu. Moja ya zile mbili ilitoka kwa damu ya mutu mwenye aliponaka Ebola kule Kikwit, Kongo, 1995. Profesa Muyembe, mutafiti wetu Mukongomani wa virusi, alikuwa ndani ya kazi ile, na mwaka ule ule wa 2019 Japani ikamupa zawadi ya Hideyo Noguchi, ule dokta wao mwenye alikufa Accra 1928 akitafuta homa ya manjano. Mtu akiniambia utafiti ni mambo ya Wazungu na Wajapani, namutajia Mangina.

Vyote hivi nilimueleza baba mukubwa pale mulangoni, kwa kifupi, na alinisikiliza mpaka mwisho. Kiisha akauliza: "Wale watu saba, walikuwa na miaka ngapi?"

"Hamsini mpaka sitini na tisa, baba."

"Mi niko na sabini na moja."

Sikupata cha kujibu. Nikamuuliza kidonge cha muchana anamezaga namna gani, akasema na chakula, na maharagi na sambaza. Na hapo ndipo tatizo moja liko, ju protini za maharagi na samaki zinagombania njia na levodopa, dawa inachelewa kuingia. Nikachukua kipande cha karatoni ya sabuni, nikaandika na marikeri kubwa: kidonge kwanza, nusu saa, ndipo chakula. Nikaibandika juu ya redio, kwenye anatazamaga. Mama mukubwa akamuletea kikombe kingine, nusu.