Umeme umekata Mafinga, na mwezi wenyewe wa saba

Mtu wa Dar ukimsimulia baridi ya Mafinga, huku Iringa, anakwambia si uvae sweta tu. Haya, juzi nimevaa masweta mawili, umeme umekata tangu saa moja jioni, mtoto wa miezi minane makamasi yanamchuruzika, hebu niambie tena.

Kahita ketu ka umeme ka kupasha chumba joto kakazima, mama mkwe akainuka kimya kimya akaenda barazani, akarudi na jiko la mkaa anataka kulipeleka chumbani kwa watoto. Nikamwambia mama, hapana. Akasema mkaa umeshaiva, moshi hauna, mbona sisi tumekua hivyo hivyo. Sasa kubishana na mama mkwe gizani jamani, nyie acheni tu. Nikamwambia mama, tatizo siyo moshi, hata ukishaiva unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, mtu anasikia kichwa kizito, anasinzia, ndo basi haamki. Na ile nyumba yenu ya kijijini ilikuwa ya nyasi, upepo unapita huku unatokea kule, hii ina silingibodi na madirisha nimeyaziba na mataulo. Akaguna. Jiko likarudi barazani.

Huko huko likapiga kazi. Tukachemsha maji, yakapoa kidogo (ya kutokota yanasinyaza chupa za plastiki, nimeshaharibu mbili), tukajaza chupa, kila moja ndani ya soksi ya baba watoto, tukazifunika kwenye mablanketi nusu saa kabla ya kulala. Upande wa yule mdogo nikazitoa kabla sijamlaza, nisije nikamuunguza. Tukalala wote sita chumba kimoja, godoro chini, na chini yake mkeka na maboksi maana ile sakafu ya saruji inanyonya joto balaa, watu wanarundika mablanketi juu wanasahau chini. Uji wa ulezi ulikuwa kwenye chupa ya chai. Babu jirani alipita akasema dawa ya baridi ni ulanzi, ile pombe ya mianzi, bahati nzuri msimu ulishapita.

Saa tisa usiku nikashtuka nikawapapasa mmoja mmoja, wa moto wote, mama mkwe kamkumbatia mjukuu anakoroma.

Umeme umerudi saa nne asubuhi, kahita kakawaka kenyewe sebuleni hakuna mtu. Mama mkwe akakaangalia akasema, "Kazimeni hako, kanakula yuniti."