Saa nzima kwenye pipa

Pembe za ng'ombe zilizojazwa kinyesi zilizikwa majani yalipokuwa yanapukutika, na tulizifukua ardhi ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupata joto. Kwa kilimo cha baiodainamiki, aina ya kilimo hai kisichotumia kemikali za viwandani, hiyo ni shughuli ya kila mwaka, ila mimi kibarua wa msimu nilikuwa nimeisikia kwa kuhadithiwa tu. Mama mwenye shamba, ambaye sote tulimwita Mama, alinikabidhi koleo. "Taratibu, mwanangu. Usizipasue."

Nilijiandaa kwa uvundo. Nilipoigonga pembe ya kwanza kwenye ukingo wa ndoo, kilidondoka kipande cheusi, laini, kinachonata vidoleni, kikinukia udongo wa msituni. Kilipozikwa kilikuwa kinyesi kibichi cha ng'ombe. Pembe moja haikuwa imeiva. Ndani bado mlikuwa kijani na harufu ni ileile ya zizini. Mama aliikung'utia kwenye lundo la mboji, akaendelea na nyingine.

Haya yote chanzo chake ni mihadhara aliyoitoa Rudolf Steiner mwaka 1924 huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland. Steiner alikuwa mwanafalsafa, si mkulima, na maneno yake kuhusu nguvu za sayari hayakuniingia wakati ule, wala leo hayaniingii. (Ila kwa mtu anayekesha zizini ng'ombe wake akizaa, sikuthubutu kuanzisha ubishi huo.)

Alasiri tulitia konzi ya ile mbolea kwenye pipa la maji ya mvua yenye uvuguvugu. Gramu 100 hivi zinatosha hekta nzima, kiasi ambacho hakuna mtu angekiita mbolea. Kazi iko kwenye kukoroga, saa nzima bila kupumzika. Unazungusha upande mmoja mpaka maji yafanye shimo katikati linalokaribia kugusa chini, kisha unageuza mkono ghafla. Maji yanavurugika, yanatoa povu, nawe unaanza kuchimba shimo jingine kwa upande wa pili. Wenzangu walidai maji hubadilika yakawa mepesi mkononi. Mimi nilichosikia ni bega.

Jua lilipoteremka tulitoka na ndoo na vifagio, tukirusha matone makubwa juu ya udongo mtupu. Hapo ndipo nilipopata somo langu, na halikuhusu pembe. Kila baada ya hatua chache Mama alinisimamisha: "Chimba hapo." Sehemu moja udongo ulimeguka wenyewe, umejaa matundu ya minyoo. Mbele kidogo, trekta lilikopita udongo ukiwa bado umelowa mvua, koleo liligota. Alipasua bonge kwa vidole, akanionyesha mizizi myeupe ya magugu iliyoshuka wima, ikafika kwenye tabaka gumu, ikapinda na kutambaa ubavuni.

"Ukipanda karoti hapa utavuna zenye miguu miwili," alisema. Pale akaamua ipandwe alfalfa, mmea wa malisho ambao mizizi yake huenda chini sana, na karoti zihamie kwenye matuta ya juu.

Nilimuuliza kama asingenyunyiza kabisa shamba lingekuwaje.

"Sijawahi kuacha, nitajuaje? Sogeza ndoo, giza linaingia na bado kuna vitunguu."